Usiizike diski kabla hujajua nani haioni

Huku kwetu Mbeya diski isipoonekana kwenye kompyuta hukumu hutoka mapema: imekufa. Nimeisikia Mwanjelwa, nimeisikia Kabwe, nimeisikia hata kwa mafundi ambao kwa kuchomea na kufungua mashine wananizidi mbali. Diski inachomolewa, inatupwa kwenye droo, na humo ndani zinabaki picha za harusi, rekodi za kwaya, hesabu za duka na hati za shamba. Kadhaa kati ya hizo zimepita mikononi mwangu baadaye. Nimezichomeka mahali pengine zikazunguka, zikasoma, zikatoa kila kilichokuwamo. Kumbe kilichokufa ni waya, au adapta ya umeme, au mpangilio mmoja tu ndani ya BIOS, ile programu inayoiamsha kompyuta.

Naandika kwa ajili ya wenzangu wenye seva nyumbani. Yaani ile kompyuta moja inayokaa pembeni bila skrini, imejaa diski, ikigawa mafaili kwa Wi-Fi kwa nyumba nzima. Zinaongezeka hapa Mbeya na sababu zinaeleweka. Kupandisha video za familia kwenye hifadhi za mtandaoni kunamaliza bando kabla ya mwezi kufika katikati. Upande wa pili, kompyuta za ofisi zilizotumika, zile ndefu za kusimama, zinauzwa kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaweza kujipanga akaifikia. Unaweka Linux, mfumo endeshi wa bure, unaongeza diski, unakuwa na ghala lako mwenyewe. Lakini ghala hilo mara nyingi ndilo pekee. Diski ikipotea hakuna pengine pa kukimbilia, na kwa sababu hiyo nasisitiza tusiwe wepesi wa kuzika.

Mimi huanza na swali moja: nani haioni? Diski hupitia mikono mingi kabla folda haijatokea kwenye simu yako. Pawasaplai inaipa umeme, injini yake inazunguka, inajitambulisha kwa mazabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta, kupitia waya wa data, BIOS inaiweka kwenye orodha, Linux inaipa jina kama sda au sdb, mfumo wa mafaili unafunguliwa, ndipo folda inaonekana. Mzigo uliotumwa kwa basi kutoka Dar usipofika, hatuanzi kwa kusema umeibwa. Tunapiga simu kuuliza kama ulionekana Iringa, Mafinga au Makambako. Diski nayo ina kituo cha mwisho ilikoonekana, na ukikijua hicho umeshapunguza kazi kwa sehemu kubwa.

Seva yangu ina diski nne za inchi 3.5. Niliinunua ikiwa imetumika, ikaja na diski mbili ndani yake, nyingine nikaziongeza. Desemba, kipindi kile radi zinapiga upande wa Loleza karibu kila alasiri, umeme ulikatika mchana, ukarudi, ukakatika tena, ukatulia usiku. Seva iliwaka na feni zikazunguka, ila hakuna folda hata moja iliyofunguka. Nilipoiunganisha na skrini nikakuta Linux imesimama kwenye hali ya dharura. Diski mbili hazikuja, na kwa kuwa zimeandikwa kwenye faili la fstab, ile orodha ya diski ambazo Linux hufungua inapowaka, mfumo ulizisubiri sekunde 90, ukakata tamaa, ukakataa kuendelea. Hapo wengi hudhani seva yenyewe imeungua. Haikuwa imeungua, ilikuwa inangoja.

Kabla ya kugusa kibodi nilifungua kifuniko, nikawasha, nikaweka ncha za vidole ubavuni mwa kila diski. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika haijifichi. Unausikia mtetemo wake mdogo kwenye ngozi, na ukiinamisha sikio unasikia kichwa cha kusomea kikitoka kwenye maegesho yake. Mbili zilikuwa hai. Mbili zilikuwa kimya, hazina mtetemo wala joto.

Mbili kwa mpigo. Radi inaweza kuua diski mbili kwa siku moja, sikatai, lakini kitu cha kwanza cha kutafuta ni wanachoshirikiana hao waliopotea. Ni waya mmoja wa umeme? Ni kadi moja? Ni poti zilizo jirani kwenye mazabodi? Nilifuata nyaya kwa kidole mpaka nikafika kwenye adapta moja ya umeme, ile inayotoka kichwa cha pini nne cha Molex na kugawanyika kuwa vichwa viwili vya SATA, kiungo cha kawaida cha diski za ndani. Ilikuja na kompyuta siku niliyoinunua. Diski zote mbili zilizokuwa kimya zilining'inia hapo.

Nilipoichomoa nikapata harufu ya plastiki iliyopata moto. Kwa tochi ya simu niliona vizuri: upande wa waya wa njano plastiki nyeusi ilikuwa imetutumka na kung'aa, ganda la waya limegeuka kahawia kwa urefu wa kucha, na pini mbili zilikuwa zimezama ndani kiasi kwamba hazikuweza kugusa kitu. Kiungo hicho hakikuwa na ujanja wa kupitisha umeme wowote.

Adapta za aina hii ziko mbili, na tofauti yake ina uzito kuliko bei. Kuna zile ambazo kichwa cha SATA kimemiminwa: nyaya zinawekwa kwenye kalibu, kisha plastiki ya moto inamwagwa juu yake. Wakati wa kumwaga, nyaya husogea. Waya wa volti 12 unaweza kulala karibu kabisa na waya wa hasi, na baada ya miaka ya joto na kupoa plastiki iliyo kati yao inachoka. Kuna nyingine ambazo kichwa chake kina kifuniko cha kubana, na ukikitazama kwa nyuma unaona kila waya umeingia kwenye mfereji wake. Hizi za pili ndizo za kununua. Zile za kumiminwa zimeshawaka moto ndani ya kompyuta za watu sehemu nyingi duniani, na nyumba zetu nyingi zina dari za mbao na king'ora cha moshi hakuna. Fungua seva yako leo uangalie. Nasema hivi kwa msisitizo kuliko jambo lolote jingine kwenye makala hii.

Tuelewe pia umeme unaofanya kazi pale. Diski ya inchi 3.5 hutumia volti 12, waya wa njano, kuzungusha injini, na volti 5, waya mwekundu, kwa ubao wake wa elektroniki. Ikiwa inafanya kazi kwa utulivu haili sana, wati 5 hadi 8 hivi. Lakini sekunde zile za kuanza kuzunguka inaweza kuvuta karibu ampea 2 kwenye volti 12, yaani wati 24. Diski nne zikianza pamoja ni karibu wati 100 kwa mara moja. Kwa hiyo pawasaplai iliyochoka, au kiungo kilicholegea, hakikuangushi katikati ya wiki tulivu. Kinakuangusha usiku ule umeme unaporudi, na siku ambayo umekatika na kurudi mara tatu, kiungo hicho kimebebeshwa mzigo mzito mara tatu. Ukiwa na multimita, pima kwenye kichwa cha Molex mashine ikiwa inafanya kazi: njano na nyeusi isome kati ya 11.4 na 12.6, nyekundu na nyeusi kati ya 4.75 na 5.25. Ikitoka nje ya hapo, hangaika na pawasaplai kabla ya kuilaumu diski.

Pawasaplai yangu ilisoma vizuri, na ilikuwa na vichwa vya SATA vyake yenyewe ambavyo havijatumika. Nikaachana na adapta, nikaunganisha diski zote mbili moja kwa moja. Nikawasha. Ya kwanza ikanguruma, ikaonekana kwenye BIOS, Linux ikaipokea. Ya pili, kimya kilekile.

Jirani yangu ambaye ni fundi alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

“Kaka, hiyo ndiyo iliyoondoka,” akasema. “Adapta imeungua, ikapitisha volti 12 pasipotakiwa. Achana nayo.”

Hoja yake ilikuwa na mashiko. Umeme mkubwa ukiingia kwenye ubao wa diski, kuna diodi za ulinzi ambazo hujitoa kafara kwa kufunga njia, na diski inakaa kimya namna hiyohiyo. Mimi nikaigeuza nikasoma lebo. Ilikuwa lebo nyeupe, haina rangi wala jina la biashara la kawaida la dukani. Diski za lebo nyeupe mara nyingi zilizaliwa ndani ya kasha la nje la USB, kisha mtu akalipasua kasha na kuitoa, kwa kuwa diski ya nje ilikuwa rahisi kuliko ya ndani yenye ukubwa uleule.

Na hapo pana habari ambayo kila mwenye seva anapaswa kuijua. Kichwa cha umeme cha SATA kina pini 15. Pini tatu za kwanza zilitengwa kwa volti 3.3, ambazo diski za inchi 3.5 kwa kawaida hazizihitaji. Mwaka 2016 kiwango cha SATA 3.3 kiliipa pini ya tatu kazi mpya: ikipata umeme, diski ijizime. Lengo lilikuwa kusaidia vituo vikubwa vya data, ambako mhudumu anaweza kuizima na kuiwasha diski moja iliyoganda bila kwenda kuichomoa. Pawasaplai nyingi za majumbani ziliendelea kupeleka volti 3.3 kwenye pini hiyo muda wote kama zamani. Ukiunganisha diski yenye kipengele hiki na pawasaplai ya namna hiyo, diski inapokea amri ya kulala tangu sekunde ya kwanza. Haizunguki. Haionekani BIOS. Haionekani popote. Na ni nzima kabisa.

Molex haina volti 3.3. Ina 12, ina 5, na hasi mbili, basi. Ndiyo maana aliyeijenga mashine ile aliiweka adapta ya Molex pale, na nilipoiondoa kwa usalama, nikaizima diski bila hata kuigusa.

Nikaiweka kwenye doki ya USB yenye adapta yake ya ukutani. Ikazunguka. Amri ya lsblk, inayoorodhesha diski, ikaonyesha ukubwa wake kamili, na smartctl ikasoma afya yake bila kusita. Jirani yangu akaweka kikombe chini.

Tiba ziko mbili. Unatafuta adapta nzuri ya Molex, ile ya kifuniko cha kubana, au unaiziba pini ya tatu. Nilichagua kuziba, kwa kutumia utepe wa Kapton, ule wa rangi ya kaharabu unaostahimili joto. Watu huniuliza utapatikana wapi hapa. Nenda kwa mafundi simu. Wanautumia kila siku kukinga sehemu za simu wanapopuliza hewa ya moto, na kijana mmoja pale Mwanjelwa alinikatia kipande cha urefu wa kidole akakataa hela. Selotepu ya kawaida usiiweke. Joto la diski hulainisha gundi yake, utepe unateleza, na tatizo linarudi miezi kadhaa baadaye ukiwa umeshasahau.

Pini za SATA zimeachana milimita 1.27 tu, kwa hiyo kazi hii inataka mwanga na kibano. Kata ukanda wa upana wa milimita 4 hivi, unatosha kuziba pini ya kwanza hadi ya tatu, kwa sababu zote tatu ni za volti 3.3 na hakuna hasara. Kwenye diski hesabu ukianzia upande uliopakana na kichwa kidogo cha data. Ulaze utepe juu ya pini, ukunje ncha yake kuelekea nyuma ili kichwa cha waya kisiusukume, kisha ubonyeze kwa ukucha. Chomeka polepole, chomoa, angalia kama umebaki mahali pake, chomeka tena. Niliwasha. Vidole ubavuni: mtetemo.

Hiyo ilikuwa safari ya umeme. Mara nyingi zaidi diski inazunguka vizuri lakini mazabodi haiioni, na hapo mshukiwa ni waya wa data. Linux inakwambia mengi ukiiuliza kwa dmesg, amri inayoonyesha kumbukumbu zake. Ukiona “SATA link down” kwenye poti ambayo una hakika imechomekwa diski, mazabodi haijasikia sauti yoyote upande wa pili. Ukiona “COMRESET failed” au “link is slow to respond”, kuna mtu upande wa pili lakini mazungumzo hayaeleweki. Na ukiona kiungo kimepanda kwa 6.0 Gbps, kikashuka 3.0, kikaishia 1.5, mfumo unapunguza kasi ili uelewane na waya mbovu. Badilisha waya kwanza. Usichague uliokunjwa kwa nguvu nyuma ya feni, wala usiokuwa na kile kibati cha kujifunga; basi likipita barabarani na ukuta ukatetemeka, ule usiojifunga husogea. Vichwa vya SATA vya ndani vilibuniwa kwa kuchomekwa na kuchomolewa mara 50 hivi, kwa hiyo waya uliokuwa ukitumika kufanyia majaribio kwa miaka una haki ya kustaafu.

Ukishabadilisha, angalia kipengele namba 199 kwenye ripoti ya smartctl. Kinahesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na mazabodi. Hesabu hiyo hairudi sifuri kamwe, kwa hiyo usiogope kuikuta kubwa. Iandike mahali, fanya kazi siku kadhaa, itazame tena. Ikisimama palepale, waya ulikuwa ndio mkosaji. Namba 5, 197 na 198 ni habari nyingine kabisa: hizo zinazungumzia sahani zenyewe, sekta zilizohamishwa na zinazogoma kusomeka. Hizo zikipanda, nunua diski nyingine bila kubishana.

Baada ya waya ni BIOS, na hapa kompyuta zilizotumika zina ugonjwa wao. Betri ndogo ya CR2032 kwenye mazabodi, yenye volti 3, ndiyo inayotunza saa na mipangilio umeme wa ukutani ukiwa haupo. Kwenye mashine ya miaka kumi na zaidi betri hiyo imechoka, lakini hujui, kwa sababu seva haizimwi. Siku umeme unapokatika usiku kucha, mipangilio inafutika na BIOS inaamka na ya kiwandani.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Uyole, anayetunza rekodi za kwaya ya usharika wake, alinipigia simu asubuhi.

“Shikamoo Mwalimu.”

“Marahaba mwanangu. Ile diski ndogo ya ndani imetoweka. Kompyuta inawaka, diski kubwa ipo, ile ndogo hamna.”

Nikamwomba aniambie saa ya kompyuta inasoma mwaka gani. Akanyamaza kidogo, akaniambia inasoma mwaka ambao alikuwa bado anafundisha. Basi nikajua pa kwenda. Mashine yake ilitoka kiwandani ikiwa na mpangilio wa diski kwenye RAID, na aliyemwekea Linux aliubadilisha kuwa AHCI; ni namna mbili za mazabodi kuzungumza na diski. Betri ilipokufa, mpangilio ukarudi RAID, na katika hali hiyo kidhibiti cha Intel huificha diski ya NVMe, ile ndogo bapa inayochomekwa moja kwa moja kwenye mazabodi, nyuma yake. Linux haikunyamaza juu ya hilo. Iliandika wazi kwenye dmesg kwamba imekuta kifaa kimoja cha NVMe kilichofichwa, na kwamba mwenye mashine abadili BIOS kutoka RAID kwenda AHCI. Betri mpya tuliipata kwa fundi saa. Tukarudisha AHCI, na rekodi zote za kwaya zikawa pale. Mwenye Windows awe mwangalifu hapa: ukibadili mpangilio huo kiholela, Windows inaweza kugoma kuwaka mpaka uurudishe kama ulivyokuwa.

Ukiwa ndani ya BIOS angalia pia kama poti yenyewe haijazimwa, maana mashine nyingi za ofisi zinaruhusu kuzima poti ya SATA mojamoja. Na kama diski ilitoweka siku uliyoongeza diski ya M.2, ile bapa inayolala juu ya mazabodi, soma kitabu cha mazabodi. Bodi nyingi hugawana njia kati ya tundu la M.2 na poti fulani za SATA, na ukijaza moja nyingine inazimika. Hamishia waya kwenye poti nyingine, umemaliza.

Sasa kituo ambacho kinaumiza zaidi, kwa kuwa diski inaonekana ila vilivyomo havionekani. Ukiichomeka diski ya Linux kwenye Windows, Windows haielewi mfumo wake wa mafaili na inakuuliza kwa upole kama uifomati, au inakwambia ianzishwe upya. Kataa. Funga dirisha. Diski iliyotoka kwenye kasha la USB na kuunganishwa moja kwa moja na SATA nayo inaweza kuonekana tupu, kwa sababu baadhi ya makasha huiwasilisha diski kwa sekta za baiti 4,096 wakati yenyewe kwa SATA inazungumza kwa baiti 512. Jedwali la patisheni, yaani ramani ya mgawanyo wa diski, linasomwa mahali pasipo pake. Irudishe kwenye kasha lake, data itarudi. Na diski ya 3 TB inayojitambulisha kuwa ina GB 746 haijapungua: umeiweka kwenye kasha la zamani ambalo haliwezi kuhesabu kupita TB 2 na kidogo. Kilichozidi hapo ndicho linachokuonyesha. Usiandike chochote humo mpaka ubadilishe kasha.

Kwa wenye diski kadhaa zilizounganishwa kuwa moja, kwa RAID ya mdadm au ZFS, amri ya kuunganisha ni mdadm --assemble, na kwa ZFS ni zpool import. Hazifuti. Amri yenye neno create ndiyo iliyofuta kazi za watu wengi, huku kila mmoja akidhani anaokoa.

Nilitaja fstab na hali ya dharura. Dawa yake ni kuongeza neno nofail kwenye mstari wa diski, ili seva iwake hata diski ikikosekana. Mimi ninalitumia, lakini lina mtego wake: diski isipokuja, folda yake inabaki tupu kwenye diski ya mfumo, na programu zako zinaendelea kuandika humo bila kujua. Picha mpya zinaingia, diski ndogo ya mfumo inajaa, na siku diski kubwa inaporudi inaifunika folda hiyo, picha zile zinaonekana zimetoweka. Zipo, chini yake. Shusha diski kwa umount, utazikuta.

Kuna diski ambazo kweli zinaugua, na hizo hujisema kwa sauti. Mlio wa kugonga unaojirudia maana yake vichwa vya kusomea vinatafuta njia na haviioni. Kila dakika unayoiacha ikigonga unaweza kuwa unazikwaruza sahani. Zima. Mlio mwembamba wa pi-pi-pi kwenye diski ndogo ya USB ni injini inayoshindwa kuanza, na wakati mwingine ni poti tu iliyokosa nguvu, maana USB 2.0 inaahidi miliampea 500 na USB 3.0 inaahidi 900. Jaribu poti ya nyuma ya kompyuta au kihabu chenye umeme wake, kisha uache. Kama inasoma kwa kusuasua, nakili kila kitu kwa ddrescue, programu ya kunakili diski zinazougua, kwenda diski nyingine kabla ya kujaribu ukarabati wowote. Na tafadhali, usiiweke kwenye friji. Ushauri huo bado unazunguka huku, na hali ya hewa yetu ya Nyanda za Juu inaufanya uwe mbaya zaidi: chuma baridi kikikutana na hewa yenye unyevu ya msimu wa mvua, maji yanatua juu ya ubao na kwenye tundu la kupumulia la diski. Hata diski iliyosafiri kwenye buti ya basi usiku wa Julai kutoka Makambako naiacha chumbani saa kadhaa kabla ya kuiwasha.

Na kwa wanaouliza kama mwinuko wetu unaua diski: Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Vichwa vya diski za kawaida huelea juu ya hewa, na watengenezaji kwa kawaida huzithibitisha kufanya kazi hadi mita 3,048. Tuko salama, hata kwa ndugu zetu wa Njombe.

Seva yangu sasa ina karatasi ndani ya kifuniko. Nimeandika namba ya kila diski ilivyo kwenye lebo, poti inayokaa, na jina lake kwenye /dev/disk/by-id, kwa sababu sda na sdb hubadilishana kadiri diski zinavyoamka. Aliyeijenga kabla yangu alijua kuhusu pini ya tatu lakini hakuacha neno lolote. Juu ya ile diski ya lebo nyeupe nimeandika kwa kalamu ya wino mzito: pini 1 hadi 3 zimezibwa, diski nzima, isitupwe.